Amplifaya ya msikitini iliyohamia sebuleni

Mzee alikuja na mkokoteni. Aliyeusukuma ni kijana wa mizigo wa pale Ngamiani, Tanga, lakini mzee ndiye aliyetangulia, mkono juu, kama anayerudisha lori nyuma. Juu ya mkokoteni kulikuwa na amplifaya ya bati la kijivu, kilo 15 na ushei, na spika mbili za mbao zilizoviringishwa kanga zisikwaruzike. Spika kaletewa na mwanawe kutoka Maskati. Amplifaya ilitoka msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hii naitaka ilie stereo. Kijana wangu kaijaribu, ikapiga kidogo, ikanuka, ikanyamaza."

Ikanuka, ikanyamaza: hapo nilishajua nitakachokikuta ndani. Hilo la kulia stereo, kushoto na kulia kila kimoja na sauti yake, ndilo lililonikalisha wiki mbili.

Kabla sijashika bisibisi nilimwambia kwamba kwa pesa atakayonilipa, dukani anapata amplifaya ndogo ya stereo, mpya, nyepesi, inayotosha sebule yake na ya jirani. Fundi asiyelisema hilo mapema hulaumiwa mwishoni. Mzee hakutaka kusikia. Kamati ilipoagiza mashine mpya, hii ya zamani ilitupwa stoo. Mali ya msikiti ni wakfu, haigawiwi kama peremende, kwa hiyo aliinunua kwa bei iliyopitishwa kikaoni, na risiti anayo. Kaka yake, sasa marehemu, aliadhini miaka mingi kwa maiki iliyochomekwa humo. "Sauti yake imepita humu, mwanangu. Sitaki kiboksi cha plastiki." Mambo ya dukani yakaishia hapo.

Nyuma ya mashine za namna hii kuna safu ya skrubu: COM, 4, 8, 16, 70V, 100V. COM ni ya pamoja, 4, 8 na 16 ni omu za spika, mbili za mwisho ni volti. Aliyezoea redio za nyumbani lazima ashangae. Msikiti ule una spika nne za honi juu ya mnara, wati 30 kila moja, na waya unatoka chumba cha imamu, unazunguka ukuta, unapanda. Chukua waya mwembamba wa 0.75 mm², mita 60 kwenda na 60 kurudi: ukinzani wake ni omu 2.75 hivi. Ukiulisha waya huo spika ya omu 8, robo ya nguvu inaishia kupasha shaba joto. Ndiyo maana ndani ya amplifaya kuna transfoma ya pili, ya sauti, inayochukua kama volti 22 na kuzipandisha hadi 100, na huko mnarani kila spika ina katransfoma kake ka kushusha. Spika nne hizo kwa pamoja zinaonekana kama omu 83, na waya uleule sasa unakula asilimia 3 tu. Ni akili ileile ya nguzo za umeme mkubwa zinazovuka mapori.

Kijana wa mzee hakuyajua hayo. Aliona skrubu mbili za mwisho, 70V na 100V, akadhani moja ni ya kushoto na nyingine ya kulia. Akafunga spika ya Maskati moja huku, moja kule, COM wakashirikiana. Kosa lenyewe lina mantiki, na simcheki. Lakini omu 8 kwenye volti 100 ni kuomba wati 1,250, na omu 8 kwenye volti 70 ni kuomba 612 nyingine. Mashine ya wati 120 ikawa inadaiwa zaidi ya 1,800. Kwa transista za ndani ilikuwa kama zimefungiwa spika ya robo omu, pua na mdomo na shoti.

Fyuzi ingewaokoa. Niliichomoa: ndani ya kioo kulikuwa na hewa tu, na nje yake nyuzi tatu za shaba zimezungushwa kiustadi kabisa. Hiyo haikuwa kazi ya kijana. Ilikuwa na vumbi la miaka.

Transista nne za 2N3773, tatu zilikuwa shoti; mita inalia popote unapogusa. Rizista nyeupe za wati 5 zilizo karibu yao zilikuwa zimepasuka katikati, na bodi chini yake imegeuka rangi ya mkate ulioungua. Kapasita mbili kubwa, mikrofaradi 4,700 kila moja, moja ilikuwa na kichwa kilichovimba. Transfoma kubwa ya umeme, ile inayobeba nusu ya uzito wa boksi, ilikuwa nzima. Niliitenga, nikaiwasha peke yake, nikapata volti 25, sifuri, 25. Bamba la kupozea joto nyuma nalo lilikuwa zima, pana, la alumini nene ambayo siku hizi watengenezaji wanaibania.

Kabla ya kuendelea, kuna waya ambao kijana alinionyesha kwa fahari: upande mmoja pini ya simu, upande wa pili pini moja kubwa ya maiki. Ndani yake kushoto na kulia vimesokotwa pamoja. Hiyo ndiyo "stereo" ya kwanza niliyoikuta, na wengi wanaiuza. Kwanza, ukisokota kushoto na kulia moja kwa moja, kila upande wa simu unalazimika kuusukuma mwenzake. Ukitaka kuchanganya, weka rizista ya kilo-omu 1 kwa kila upande ndipo uunganishe. Pili, tundu la maiki limetengenezewa milivolti chache, na simu inatoa nusu volti au zaidi, kwa hiyo sauti inaingia tayari imechanika. Tatu, na hili ndilo kubwa, baada ya kusokota hakuna tena kushoto wala kulia. Ukifunga spika 20 huko mbele, zote zinasema kitu kimoja.

Mhandisi Alan Blumlein aliomba hataza yake ya sauti ya njia mbili nchini Uingereza mwaka 1931, akiwa kampuni ya EMI, na tangu hapo sharti halijabadilika: njia mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, zisikutane popote. Amplifaya ya mono ni njia moja. Haigawanyiki. Kwa hiyo unaongeza njia ya pili, au unaishi na mono.

Nilimpa mzee njia tatu za kuchagua. Ya kwanza, ambayo ningeichagua mimi, ni kubadilisha transista, kufunga spika zote mbili sambamba ili ziwe omu 4, kuziweka kwenye skrubu ya 4, kuchanganya kushoto na kulia kwa rizista, na kusikiliza mono safi maisha yake yote. Ya pili ni kutafuta amplifaya pacha. Hiyo ndiyo iliyowaokoa wazungu enzi za valvu, kabla ya transista: aliyekuwa na Quad II, mashine ya mono ya wati 15 iliyotoka Huntingdon mwaka 1953 kwa mikono ya Peter Walker na wenzake, santuri za stereo zilipoingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuitupa. Alinunua ya pili, na mwaka 1959 kampuni ikatoa Quad 22, kiboksi cha kuziongoza zote mbili. Njia nzuri, lakini pacha wa mashine ya msikitini sikumpata, na hata ningempata, mzee angekuwa na kilo 30 juu ya kabati na transfoma mbili za volti 100 zisizo na kazi.

Ya tatu: kubakiza boksi, transfoma ya umeme na bamba la joto, kutoa utumbo wote, na kuweka njia mbili mpya.

"Hiyo," akasema. "Kila upande 120?"

"Hamsini na hamsini, mzee. Tangi ni lilelile, mabomba ndiyo yamekuwa mawili."

Hakupenda, lakini alielewa, na mfano huo ni wa kweli kuliko nilivyodhani nilipoutamka. Ile njia moja ya zamani ilikuwa ikilisha omu 4. Njia mbili, kila moja omu 8, zikichota kwenye volti zilezile, ni mzigo uleule kwa transfoma. Yenyewe haijui kwamba huko mbele mambo yamegawanyika. Hata joto linakutana. Kwa volti 35 chanya na 35 hasi, ambazo ndizo 25 za transfoma zikishanyooshwa kuwa umeme wa moja kwa moja, njia moja ya omu 4 ikibanwa pabaya inamwaga kama wati 62 za joto kwenye bamba. Njia mbili za omu 8 zinamwaga 31 na 31. Hakuna cha kununua upya, si chuma wala alumini. Ndipo nikaanza kuipenda kazi yenyewe.

Kwa njia mpya nilichukua bodi mbili za TDA7294, kila moja chipu moja ya kukuza sauti yenye miguu 15. Mwisho wake ni volti 40 kila upande ikiwa kazini, na hapo nilisita. Volti 25 za transfoma ukizinyoosha kwa dayodi zinakuwa 35 kwenye karatasi. Lakini umeme wa mtaani kwetu usiku hupanda, na transfoma isiyo na mzigo huongeza chake. Nilipima saa 5 usiku nikapata 38.1 kila upande. Inafaa, kwa kubana. Ndiyo sababu nyuma ya boksi niliandika kwa rangi nyekundu OMU 8 TU. Atakayekuja kufunga za omu 4 ataichemsha. Spika za Maskati nilizipima kwa mita, zikasoma 6.4. Usishtuke, mita inaona shaba ya koili tu; hiyo ni spika ya omu 8.

Kapasita niliweka mikrofaradi 10,000 za volti 63, mbili. Preamplifaya, hatua ya kwanza ya kukuza sauti ya maiki, na vitasa vyake vinne vyote nje. Bodi hizi zinakuza mara 32 hivi, kwa hiyo zikipewa 0.6 ya volti zinatoa volti 20, ambazo kwenye omu 8 ndizo zile wati 50. Simu na king'amuzi vinaifikisha 0.6 bila jasho. Kila hatua ya kukuza unayoiondoa unaondoa na kelele zake.

Voliyumu ni ya ghorofa mbili, mhimili mmoja, kilo-omu 50. Nunua iliyoandikwa A mbele ya namba, si B. Ya B hupanda kwa mstari, na mteja atakwambia mashine inaruka: robo ya mzunguko tayari nyumba inatikisika, kisha hakuna kinachoongezeka. Ya kwanza niliyonunua ghorofa zake hazikuwa sawa, mguso wa chini kushoto unalia na kulia kimya. Nilirudi dukani na mita mkononi, nikapima sita juu ya kaunta nikachagua moja. Muuzaji alinuna, lakini hiyo ndiyo njia pekee.

Siku ya kuwasha niliweka balbu. Kila fundi awe nayo: balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60, imefungwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaokwenda kwenye mashine. Mashine ikiwa nzima, balbu inamulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha inafifia. Ikiwa ndani kuna shoti, balbu inawaka kama ya chumbani na hakuna kinachoungua. Hizi za LED hazifanyi kazi hiyo, kwa hiyo ukizikuta za nyuzi duka lolote, nunua tano.

Yangu iliwaka kama ya chumbani.

Nilizima. Nikamaliza chaji ya kapasita kwa rizista ya wati 10, nikachomoa bodi moja moja. Bila ya kulia, balbu ilififia vizuri. Mgongo wa chuma wa TDA7294 umeunganishwa ndani na volti hasi, na bamba la joto limeunganishwa na boksi, na boksi na ethi, waya wa kwenda ardhini. Kwa hiyo kati ya mgongo na bamba lazima kiwepo kipande cha ulanga kisichopitisha umeme, na skrubu ivishwe kipete cha plastiki. Ulanga niliuweka, girisi nyeupe nilipaka pande zote mbili, kipete cha kulia nilikisahau juu ya meza. Skrubu yenyewe ndiyo iliyokuwa inapeleka umeme. Kilikuwa pale mezani kinanitazama, karibu na kikombe cha chai. Bila balbu ningeua chipu na dayodi kwa mkupuo.

Baada ya hapo ikalia, na ikavuma. Mmm, mmm, hata voliyumu ikiwa chini kabisa. Mashine za msikitini hutumia bati la boksi kama waya wa kurudishia, popote palipo karibu, na mimi nilifuata mashimo yao kwa uvivu. Nilikata yote nikaanza upya: kila waya wa kurudi, wa bodi, wa spika, wa voliyumu, unakwenda kivyake hadi sehemu moja, kipande cha shaba kati ya kapasita mbili kubwa. Matundu ya kuingizia sauti nikayatenga na bati kwa vipete. Kutoka kwenye shaba hiyo hadi kwenye boksi, rizista moja ya omu 10. Mvumo ukaisha, ukisogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika unasikia kama mtu anapumua chumba cha pili.

Na pini ya umeme? Mtu wa zamani, pengine yule wa nyuzi za shaba, alikuwa amekata waya wa ethi ndani yake. Ndivyo watu wanavyotibu mvumo. Niliurudisha. Boksi la chuma lisilo na ethi kwenye nyumba yenye wajukuu siligusi.

Kitu kimoja ambacho mashine ilikuwa nacho na mimi nimekiondoa ni ile transfoma ya sauti. Ilikuwa inafifisha besi za chini, kweli, lakini ilikuwa pia inalinda spika, kwa sababu umeme wa moja kwa moja haupiti transfoma. Sasa spika zimefungwa chipuni. Chipu ikifa vibaya inaweza kuziachia volti 38 zisizobadilika: ampea 6 kwenye koili ya 6.4, zaidi ya wati 220, moshi ndani ya sekunde chache. Nikaongeza bodi ya ulinzi yenye chipu ya uPC1237 na relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme. Ukiwasha, inahesabu kidogo, kisha unasikia tak. Mzee aliuliza ni nini. Nikamwambia mlango unafunguliwa.

Nilipompelekea nyumbani nilidhani nimemaliza. Kesho yake akapiga simu: "Fundi, besi imekimbia. Ile mono ya msikitini ilikuwa bora."

Nilienda nikakuta mambo mawili. Spika moja ilikuwa sebuleni juu ya kabati, ya pili imewekwa barazani ili wanaocheza bao nao wasikie. Nikaziomba zote zije sebuleni, mita mbili kati yake, na kiti cha mzee mbele katikati, umbali kama huo. Besi ikazidi kukimbia, na sauti ya mwimbaji haikuonekana ilipo, kama inatoka nyuma ya kisogo. Hapo nikajua. Kijana, katika kuhamisha, alikuwa amegeuza nyaya za spika moja, chanya kwenye hasi. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi zinaliwa katikati. Nilitoa betri ndogo ya volti 1.5 mfukoni, nikagusa mwisho wa waya wa kushoto: karatasi ya spika ikatoka nje. Wa kulia: ikaingia ndani. Nikageuza. Mzee alikuwa amekaa, mkono kwenye ndevu. King'amuzi kilikuwa kinaonyesha mpira, na uwanja ukafunguka, wapiga ngoma wako kushoto kabisa, mtangazaji katikati ya ukuta ambako hakuna spika.

"Huyu kakaa wapi?" akauliza, akimwonyesha mtangazaji kwa kidole.

Kisha akaleta kaseti zake, taarabu za zamani, nyingi alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni. Nikaziweka. Kila kitu kikajikusanya katikati, fidla, kanuni, mwimbaji, wote wamebanana mlango mmoja. Nilijua kabla sijabonyeza: redio aliyorekodia ilikuwa mono, na kilichochanganywa hakichanganuliki. Mzee hakuonekana kuumia. Aliuliza kama, kwa kaseti, ile moja inaweza kurudi barazani.

Nilikuwa na swichi ya ziada. Nikaifunga mbele ya voliyumu, kushoto na kulia kila kimoja kupitia rizista ya kilo-omu 1, swichi inawakutanisha baada ya hapo. Ikiwa juu ni stereo, ikiwa chini ni mono na spika zote mbili zinasema neno moja. Waya mrefu wa kwenda barazani tuliupitisha juu ya fremu ya mlango, mita 9, mnene wa 2.5 mm², maana transfoma ya volti 100 haipo tena ya kuuhurumia waya mwembamba.

Nimepita pale mara kadhaa tangu siku hiyo. Jioni nyingi swichi iko chini.